Jina la mbunifu na bei ya kiti cha zamani: mwongozo kamili kwa wanunuzi na wauzaji wa Tanga

Tanga bado ina viti vingi vya zamani. Vinatoka kwenye nyumba za mameneja wa mashamba ya katani kuanzia Muheza hadi Korogwe, kwenye majumba ya Raskazone yaliyobadilisha wenyewe mara tatu nne, kwenye ofisi za reli na nyumba za misheni. Mjerumani alianza kujenga reli kutoka hapa mwaka 1893, na kila waliofuata, Mwingereza, Mgiriki, Mhindi, kisha wataalamu wa nchi za Nordiki waliokuja baada ya uhuru, walileta samani zao na wakaondoka bila kuzichukua zote. Leo kiti cha namna hiyo utakikuta Ngamiani kinauzwa bei ya kuni. Au utakikuta kwa mtu aliyeona picha kwenye simu, akashika jina la Mdenmaki fulani, na sasa hataki kusikia chini ya milioni tatu.

Wote wawili wamekosa kitu kimoja. Jina la mbunifu huongeza bei pale ambapo kiti chenyewe kinaweza kulithibitisha. Mnunuzi makini wa Ulaya, Marekani au Dar es Salaam analipia ushahidi: chapa, kiwanda, mbao, namna kilivyoungwa, na historia ya kilikotoka. Ushahidi huo mara nyingi uko chini ya kikalio, mahali ambapo fundi huanza kupiga msasa.

Mwiko wa kwanza

Kabla hujajua ulichonacho, kiti kisipigwe msasa, kisipakwe vanishi, kisivuliwe kitambaa. Viti vingi vya Tanga vimeshapakwa rangi ya mafuta mara mbili tatu, na ni kawaida lebo ya karatasi kuwa bado ipo chini ya rangi hiyo. Ukikwangua kwa bapa la chuma, lebo inaondoka na rangi, na haiwezi kurudi. Hasara hiyo ni kubwa kuliko mguu uliovunjika, kwa sababu mguu unatengenezeka.

Vumbi liondoe kwa brashi laini ya kupakia rangi, iliyo kavu. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinaruhusiwa kwenye mbao tu, kamwe si juu ya karatasi wala maandishi ya wino. Vifaa vingine unavyohitaji ni tochi, futi, kioo cha kukuzia, simu yenye kamera nzuri, karatasi nyembamba na penseli laini.

Pindua kiti

Tandika blanketi sakafuni, kilaze kiti kichwa chini, kisha kagua kwa mpangilio huu: ukingo wa ndani wa kikalio, upande wa ndani wa fito ya mbele, chini ya mikono, ncha za miguu, halafu chini ya kitambaa pale kilipolegea chenyewe. Zima taa ya chumba, shika tochi karibu kabisa na mbao ili mwanga upite ubavuni badala ya kupiga moja kwa moja. Muhuri uliochomwa miaka mia iliyopita, ambao mchana huuoni, hutoa kivuli chake na herufi zinasomeka. Ukipata alama, piga picha, kisha weka karatasi nyembamba juu yake na usugue penseli kwa wepesi. Karatasi hiyo ihifadhi. Mnunuzi wa mbali ataiomba.

Majina ya nchi kwenye alama yanasaidia kukadiria umri. "Czechoslovakia" haiwezi kuwa kabla ya 1918, kwani nchi hiyo haikuwepo, na haipo tangu mwisho wa 1992. "West Germany" au "Western Germany" ni kati ya 1949 na 1990. Kwa hiyo kiti chenye maneno hayo hakikuja na Mjerumani wa enzi ya ukoloni, hata kama familia nzima inaapa hivyo. "Tanganyika" huelekeza kabla ya 1964.

Kuna alama nyingine ambazo wengi hawazijali: P.W.D., yaani idara ya kazi za umma ya serikali ya Mwingereza, na E.A.R. & H., shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki lililoundwa 1948. Hizi hazikuambii mbunifu. Zinakuambia kiti kilitumika wapi, na hilo lina thamani yake.

Tazama yaliyotokea Chandigarh, India. Miaka ya 1950 Pierre Jeanneret, binamu yake msanifu majengo Le Corbusier, alisimamia ubunifu wa samani za ofisi za mji huo mpya: viti vya msaji na henzirani vilivyotengenezwa kwa maelfu na karakana za hapo hapo India. Baadaye vikarundikwa kwenye mapaa ya ofisi na kuuzwa kama takataka. Wafanyabiashara wa Ulaya walivinunua, wakavisafisha, na leo kimoja huenda kwa maelfu ya dola mnadani. Hakuna lebo ya kiwanda kwenye viti hivyo. Kinachotafutwa ni zile herufi na namba zilizopakwa kwa rangi na karani wa ofisi kuonyesha idara na namba ya orodha. Aliyezifuta kwa msasa ili kiti kionekane kipya alijipunguzia mwenyewe. Na kwa kuwa fedha imeingia, viti vya kughushi vyenye herufi mpya zilizozeeshwa vimejaa sokoni.

Jina gani hasa?

Kiti kimoja kinaweza kubeba majina matatu: aliyekibuni, kiwanda kilichokitengeneza, na mwenye nacho wa zamani. Wauzaji wetu hukimbilia la kwanza. Bei mara nyingi inaamuliwa na la pili.

Chukua Hans Wegner wa Denmaki. Kiti chake cha mikono cha 1949 kilitengenezwa kwanza na karakana ya Johannes Hansen. Sasa kinatengenezwa na PP Møbler. Mbunifu yule yule, umbo lile lile, lakini chenye muhuri wa Johannes Hansen ndicho wakusanyaji wanachogombea. Kiti chake kingine, CH24 chenye egemeo la umbo la Y, kimekuwa kikitengenezwa mfululizo na Carl Hansen & Søn tangu 1950. Hapo umri pekee hausaidii sana: mnunuzi ana hiari ya kuagiza kipya dukani, kwa hiyo bei ya kipya inakuwa dari ya bei ya cha zamani kilichochakaa. Vivyo hivyo kiti cha kupumzikia cha Charles na Ray Eames cha 1956: halali ni cha Herman Miller kwa Marekani au Vitra kwa Ulaya, na nakala zisizo na idhini ni nyingi kuliko mtu anavyodhani.

Jina kubwa linaweza pia kukosa bei kabisa. Robin Day wa Uingereza alibuni mwaka 1963 kiti cha plastiki cha kampuni ya Hille, kile cha mashuleni na kumbini chenye miguu ya chuma. Ni ubunifu wa kuheshimiwa na uko kwenye makumbusho, lakini viliuzwa mamilioni. Kukiita "cha mbunifu maarufu" ni kweli, na bado hakitakulipa nauli ya kukisafirisha.

Na nakala nayo inaweza kupanda. Picha maarufu ya Christine Keeler, mwanamitindo wa Kiingereza, iliyopigwa na Lewis Morley mwaka 1963 inamwonyesha amekaa kwenye kiti kinachofanana na namba 3107 cha Arne Jacobsen wa Denmaki, cha 1955. Kile kilikuwa cha kuiga. Kina tundu la mkono kwenye egemeo, ambalo cha Fritz Hansen, kiwanda cha halali cha kiti hicho, hakina. Kiti hicho kimoja kina thamani kwa sababu ya aliyekikalia. Wenzake waliotoka naye karakana moja hawana.

Ukiwa unatafuta kwenye intaneti, andika majina yote ya waliohusika. Viti vingi vilivyoitwa vya Le Corbusier vilibuniwa pamoja na Charlotte Perriand na Pierre Jeanneret, na kile cha Barcelona cha 1929 Mies van der Rohe alikifanya na Lilly Reich. Wanawake hawa waliachwa nje ya maandishi kwa miongo mingi. Kuwarudisha ni haki yao, na pia kunakufungulia matokeo ya minada ambayo ungeyakosa.

Mbao, mkunjo na skrubu

Hapa ndipo mnunuzi wa Tanga anapoweza kujilinda bila kumtegemea mtu, hivyo tuende taratibu.

Kiti cha Kizungu cha kale ambacho wengi wamewahi kukikalia bila kujua jina lake ni cha Michael Thonet, namba 14, kilichotoka Vienna mwaka 1859. Ni kile chepesi cha fito za mviringo, egemeo lililopinda kama upinde na upinde mwingine ndani yake. Kina vipande sita vya mbao, skrubu kumi na nati mbili. Kilisafirishwa kikiwa kimefunguliwa: viti 36 vilienea kwenye sanduku la mita moja ya ujazo, na ndiyo sababu kilifika kila bandari duniani. Hadi 1930 vilikuwa vimeuzwa milioni 50. Kwa wingi huo, jina Thonet peke yake halikufanyi tajiri. Kiti cha namba ya kawaida ni cha bei ya wastani, na kinachopandisha ni umbo la nadra, alama kamili na henzirani ya asili.

Tena si kila kiti cha umbo hilo ni cha Thonet. Hati miliki yake ilikwisha 1869, wengine wakaingia, wakubwa wakiwa Jacob & Josef Kohn. Muhuri au lebo yao hukaa pale pale, ukingo wa ndani wa kikalio. Kohn halisi ni kiti kizuri chenye soko lake. Ukikiuza kama Thonet unakiharibia sifa bila sababu.

Kupima kama fito imekunjwa au imechongwa, fuata mistari ya mbao kwa kidole pale kwenye kona kali ya egemeo. Fito iliyokunjwa kwa mvuke ina mistari inayozunguka pamoja na mkunjo, kutoka mguu mmoja hadi mwingine bila kukatika. Fito iliyokatwa kwenye ubao kwa msumeno ina mistari inayokwenda moja kwa moja na kukatishwa na ukingo, na kwenye kona utaona ncha za nyuzi kama mahali ubao ulipokatwa kichwani. Ya pili ni nakala, au kipande kilichobadilishwa. Hata udhaifu wake unaonekana: huvunjika hapo hapo kwenye kona, mpasuko ukifuata mistari.

Halafu tazama skrubu. Skrubu za nyota zilipata hati miliki Marekani katika miaka ya 1930. Ukizikuta kwenye kiti kinachodaiwa ni cha kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ama kimetengenezwa upya au dai ni la uongo. Usiamue kwa skrubu moja. Chomoa moja iliyofichika kwa bisibisi bapa inayoenea vizuri, angalia kama tundu lina alama za skrubu nyingine ya zamani iliyokuwa nene au nyembamba zaidi. Pini za stepla na sponji ya godoro chini ya kitambaa nazo ni za baadaye.

Kuhusu msaji, au mtiki kama wengi wanavyouita, kosa la Tanga lina sababu ya pekee. Viti vya Denmaki vya miaka ya 1950 na 1960 vilitumia sana msaji, na sisi tuna shamba la msaji la serikali Longuza, wilayani Muheza. Mafundi wetu wameutumia kwa miaka mingi, na wengine wameiga maumbo ya Kidenmaki kwa ustadi mkubwa. Kwa hiyo mbao pekee hazithibitishi lolote. Pima unene wa mikono na miguu sehemu tatu kwa kila upande: kiwanda kizuri kitakupa kushoto na kulia sawa kwa tofauti ya milimita moja hivi. Angalia kama ulimi umeingia tundu bila kujazwa unga wa mbao na gundi. Kiti cha CH24 husukwa kikalio kwa kamba ya karatasi, takriban mita 120 kwa kiti kimoja. Ukikuta kamba ya plastiki, usikikatae. Kusuka upya kunawezekana, ila gharama yake itoe kwenye bei.

Kuzungumza na mwenye kiti

Ukienda nyumbani kwa mzee au bibi, usianze na bei, na usitaje jina la mbunifu. Salamu kwanza, kaa, kisha uliza: "Kiti hiki kilikuja lini hapa, mzee? Kilikuwa kwa nani kabla?" Ukitaja jina, utarudishiwa jina hilo hilo, na ushahidi umekwisha kuchafuka. Uliza kama kuna picha ya harusi au ya sikukuu ambayo kiti kinaonekana, barua ya kuachishwa kazi shambani, risiti ya mnada. Andika alichosema kwa maneno yake na tarehe, umwombe ruhusa ya kuiambatanisha. Na kama kiti kinageuka kuwa cha thamani, mwambie. Biashara ya mji mdogo inakaa kwa uaminifu, na bibi huyo ana majirani wenye viti.

Hesabu

Bei inayoandikwa kwenye tangazo ni ombi. Tafuta matokeo ya mauzo yaliyokamilika, angalau matano, ya umbo lile lile, kiwanda kile kile, mbao ile ile na hali inayokaribiana. Tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa. Kisha toa makato yote.

Tuseme wastani uliobaki ni sawa na shilingi 2,000,000 alizolipa mnunuzi Ulaya. Nyumba kubwa za mnada humwongezea mnunuzi ada ambayo aghalabu huwa kama asilimia 25, kwa hiyo bei ya nyundo, yaani ile iliyotangazwa mnadani kabla ya ada, ilikuwa 1,600,000. Muuzaji naye akakatwa, tuseme asilimia 15, yaani 240,000, zimebaki 1,360,000. Kufunga na kusafirisha 700,000: zimebaki 660,000. Kusuka henzirani na kukaza viungo 150,000: 510,000. Hapo bado faida na hatari. Mtu wa Tanga anayedai milioni mbili kwa sababu ameiona milioni mbili atakaa na kiti chake. Na mfanyabiashara anayetoa elfu ishirini anamdhulumu.

Unapoandika tangazo, chagua maneno kwa uangalifu. "Cha Wegner, kimetengenezwa na Johannes Hansen, muhuri unaonekana" ni dai kamili. "Kinahusishwa na Wegner" ina maana kuna dalili bila alama, na bei hushuka sana. "Mtindo wa Kidenmaki" ni kiti kizuri cha kukalia. Kila ngazi ina mnunuzi wake. Kupandisha ngazi bila ushahidi kunarudisha kiti mlangoni kwako pamoja na madai ya fedha.

Viti visivyo na jina la mtu

Pwani yetu ina viti ambavyo havikuwahi kusainiwa na bado vinashinda nakala yoyote ya Ulaya. Cha kwanza ni kiti cha enzi: kiti kirefu cha mbao nyeusi au kahawia nzito, chenye pa kuwekea miguu, mapambo ya mfupa au pembe, na mapazia ya kamba zilizosukwa kwenye egemeo. Fundi wake hajulikani kwa jina, hivyo thamani inasomwa kwenye mapambo yaliyobaki, kamba za asili, na ukoo ulikotoka. Kuna pia kiti cha kulalia cha veranda, chenye mikono mirefu ya kunyooshea miguu.

Kiti cha kambi cha turubai au ngozi kinastahili jicho la pili. Maofisa wa Kiingereza wa India walikuwa na kiti cha kufungua na kukunja kilichoitwa Roorkhee, na Kaare Klint wa Denmaki akakitumia kama msingi wa kiti chake cha safari cha 1933. Ukipata chenye muhuri wa Rud. Rasmussen, karakana iliyokitengeneza, ni cha Klint. Kisicho na muhuri, chenye mikanda iliyochakaa na namba ya kikosi, ni cha ukoo wa Roorkhee, na wapo wanaokitafuta hicho zaidi.

Kutengeneza

Kiungo kilicholegea kisipigwe msumari; msumari hupasua ulimi na kuacha kutu ambayo hewa ya chumvi ya baharini huizidisha. Fungua kiungo, safisha gundi ya zamani kwa maji ya uvuguvugu, tumia gundi ya ngozi inayoweza kulegezwa tena baadaye, kisha bana kwa kamba na kijiti usiku kucha. Kipande chochote kinachotolewa, hata henzirani iliyooza, kihifadhi kwenye mfuko wenye maelezo.

Bungua ni jambo jingine. Weka kiti juu ya kitambaa cheusi, mbali na samani nyingine, kwa wiki tatu nne. Unga mpya mweupe ukianguka, wadudu wangali hai. Kumwagia mafuta ya taa huacha doa na harufu inayodumu miaka. Tumia dawa ya mbao ya kupaka, ukianzia kwenye matundu, na ukiikwepa lebo.

Kabla ya kukitoa nchini

Vitu vya kale vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo kiti cha enzi au kingine cha asili ya hapa kipelekwe kwanza mbele ya maofisa wa mambo ya kale kabla hujapokea fedha ya mteja wa nje. Pembe za ndovu usiguse biashara yake. Mbao za jamii ya mpingo zote ziko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, na ile mbao ya Brazil iitwayo "rosewood" iliyotumika kwenye viti vingi vya Denmaki na vya Eames imefungwa vikali zaidi tangu 1992. Kiti cha namna hiyo huenda kikahitaji kibali hapa na huko kinakokwenda, na pale kibali kinapotakiwa kikakosekana, forodha inaweza kukichukua. Mteja atakuuliza ni mbao gani. Mpigie picha ya karibu ya mistari ya mbao na sehemu isiyo na rangi chini ya kikalio, umpe jibu kabla ya kukubaliana bei.